Bia kali ya Kibelgiji bila friji ya kuivishia: baridi ipi inahitajika, na ipi haihitajiki

Anayejifunza kupika bia nyumbani hukutana mapema na agizo linalomkatisha tamaa: bia ikimaliza kuchacha, ishushwe hadi karibu na nyuzi sifuri za Selsiasi na ikae hapo kwa majuma kadhaa. Maelekezo ya namna hiyo huandikwa na watu wenye friji ya pili gereji, iliyofungwa kidhibiti joto na yenye nafasi ya kuingiza pipa zima la lita 20. Msomaji asiye na chombo hicho huhitimisha kwamba bia kali ya mtindo wa Ubelgiji, ile yenye kileo cha asilimia 8 hadi 10, haimhusu. Hitimisho hilo si sahihi, ingawa na yule anayemtuliza kwa kumwambia kwamba baridi haina maana yoyote anampotosha vilevile. Baridi ina kazi kadhaa katika upishi wa bia, kila moja na wakati wake, na mkanganyiko wote unatokana na kuzizungumzia kana kwamba ni kazi moja.

Tuanze na vitu vyenyewe. Bia hutokana na kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kidogo kisha ikakaushwa, na nafaka hiyo kwa kawaida ni shayiri. Katika mbege ya Uchagani kimea ni cha ulezi. Kimea kikishasagwa huloekwa katika maji ya moto, vimeng'enya vilivyomo hugeuza wanga kuwa sukari, machicha huchujwa, na maji matamu yanayobaki, ambayo hapa tutayaita maji ya kimea, huchemshwa pamoja na hopsi, maua ya mmea yanayoleta uchungu na harufu. Yakipoa hutiwa hamira, nayo hula sukari na kuacha kileo, gesi ya kaboni na ladha nyingi ndogondogo. Bia za lager, ambazo ndizo zinazojaza makreti ya baa nyingi za Afrika Mashariki, hutumia hamira inayofanya kazi vizuri kati ya nyuzi 8 na 14. Bia za familia ya ale hutumia hamira inayopenda joto la chumba, kuanzia nyuzi 16 au 18 na kuendelea. Bia kali za Ubelgiji, ziwe za watawa wa Trappist kama Westmalle Tripel yenye asilimia 9.5 na Rochefort 10 yenye asilimia 11.3, au za kiwanda cha kawaida kama Duvel yenye asilimia 8.5, zote ni ale. Harufu zake za ndizi mbivu, pea, karafuu na pilipili manga kwa sehemu kubwa ni kazi ya hamira yenyewe, tena iliyoachwa ifanye kazi katika joto.

Sasa, mpikaji hukutana na baridi mara nne. Mara ya kwanza ni pale anapopoza maji ya kimea baada ya kuyachemsha. Mara ya pili ni anapozuia joto lisipande mno wakati wa kuchacha. Mara ya tatu ni ile ya kuhifadhi bia kwenye baridi kali baada ya kuchacha, na mara ya nne ni mezani, bia inaponywewa. Mtu anayesema hana vifaa vya kuivishia bia kwenye baridi amekosa ile ya tatu tu. Nayo, kwa bia tunayoizungumzia, ndiyo ambayo kuikosa kunaumiza kidogo kuliko zote.

Kwa nini basi imepewa uzito mkubwa hivyo? Jibu liko kwenye lager. Hamira ya lager huendelea kufanya kazi polepole hata katika nyuzi chache juu ya sifuri, kwa hiyo majuma ya baridi ni majuma ya kuiva kweli: ladha ya siagi inayotokana na diasetili hupungua, harufu ya salfa huondoka, na bia hulainika. Hamira ya ale haina tabia hiyo. Ukiishusha hadi nyuzi 2 hulala na kuzama. Mpikaji anayekimbilia kuipoza ale yenye nguvu siku ya nane, kwa imani kwamba baridi itaiivisha, anaifukuza kazini hamira ambayo ilikuwa bado inasafisha mabaki yake yenyewe, zikiwemo diasetili na asetaldehaidi yenye harufu ya tufaha bichi. Katika ale kali, kuiva huja kwanza kwenye joto. Baridi, ikiwepo, hufuata baadaye, na kazi yake kubwa ni kusafisha sura ya bia.

Usafi huo unaeleweka vizuri kwa yeyote aliyewahi kuchota maji ya mto wakati wa masika: ndoo ikiachwa usiku kucha bila kuguswa, asubuhi tope limetua chini na maji ya juu yanaweza kukingwa yakiwa safi. Hamira nayo hutua hivyo hivyo kwa uzito wake. Baridi huharakisha tu, ikifanya kwa siku mbili au tatu kitu ambacho kwenye nyuzi 20 hadi 24 kingechukua majuma mawili hadi manne. Kuna jambo moja ambalo muda peke yake hauliwezi. Protini za nafaka hushikana na chembe za maganda na hopsi, na bia inapopozwa hufanya ukungu hafifu, unaotoweka bia inaporudi kwenye joto. Viwanda huulazimisha ukungu huo ujitokeze ndani ya matangi ya baridi ili viuache huko. Mpikaji wa nyumbani atauona kwenye bilauri. Hauna ladha na haudhuru, na mimi binafsi sioni sababu ya mtu kununua friji ya pili kwa ajili yake.

Wapo watakaouliza: mbona Wabelgiji wenyewe wanatumia baridi? Wanatumia, na hakuna haja ya kulificha hilo. Duvel, inayopikwa katika kijiji cha Breendonk, huchachushwa kwenye joto, hushushwa hadi karibu nyuzi 2 chini ya sifuri, kisha hutiwa sukari na hamira mpya na kuwekwa ndani ya chupa. Chupa hukaa kama majuma mawili kwenye ghala la joto la nyuzi 24, halafu majuma sita kwenye ghala la baridi. Safari yote huchukua takriban siku 90. Lakini kiwanda kina sababu ambazo mpikaji wa nyumbani hana. Matangi yake lazima yaachie nafasi kwa mpiko unaofuata, chupa ya leo lazima ifanane na ya mwaka jana, na mnunuzi wa Tokyo au Toronto anataka bia ya dhahabu inayong'aa. Tazama pia kwamba hata Duvel haikwepi ghala la joto. Mapovu yake ya kupanda bila kukoma hutengenezwa na hamira iliyo hai ndani ya chupa, na hamira hiyo haifanyi kazi kwenye barafu.

Upande wa pili wapo wanaodai kwamba bia hizi ni za kale na kwamba watawa wa enzi za kati walizipika bila friji, basi nasi tunaweza. Hoja hiyo inapendeza, ila ni dhaifu. Mashine za kupoza ziliingia katika viwanda vya bia miaka ya 1870, kazi ya Carl von Linde huko Munich ikiwa ya mwanzo, ilhali Tripel ya Westmalle ilianza kuuzwa mwaka 1934. Bia kali zilipata msukumo mkubwa baada ya sheria ya Ubelgiji ya mwaka 1919 kukataza pombe zilizokenekwa katika baa, wanywaji wakageukia bia yenye nguvu. Kwa hiyo nyingi kati ya bia hizi ni za karne ya 20, na zimekulia katika viwanda vyenye friji. Tunaweza kuzipika bila baridi kali kwa sababu ya tabia ya hamira yake. Ukale hauhusiki.

Hapa ndipo penye jambo zito, yaani baridi ya pili. Hamira inapokula sukari hutoa joto, na katika pipa la lita 20 lenye maji mazito ya kimea, bia inayochacha kwa nguvu inaweza kuzidi joto la chumba kwa nyuzi 4 hadi 6. Chumba cha Dar es Salaam chenye nyuzi 30 mwezi Februari kinaweza basi kuwa na bia ya nyuzi 35. Katika joto hilo hamira nyingi za Kibelgiji hutengeneza vileo vizito vinavyounguza koo, harufu ya rangi ya kucha, na bia inayosifika kwa kuumiza kichwa. Kosa hilo likishafanyika halirekebishiki. Hata miezi sita ya friji haitaliondoa. Na karibu lote hufanyika katika saa 72 za mwanzo, wakati hamira inazaliana na kula kwa pupa. Mtu mwenye barafu kidogo na muda kidogo auelekeze uwezo wake wote kwenye siku hizo tatu.

Mpango ulio salama ni kutia hamira maji ya kimea yakiwa kwenye nyuzi 18 hadi 20, kuyashikilia chini ya 22 kwa siku mbili au tatu, halafu kuyaacha yapande yenyewe hadi 24 au hata 26. Kupanda huko mwishoni kunatakiwa, kwa kuwa hamira hupata nguvu ya kumalizia sukari, na bia hukauka badala ya kubaki tamutamu. Vifaa vyenyewe ni vya nyumbani. Pipa husimamishwa ndani ya beseni kubwa la maji, hufunikwa kwa kitambaa cha pamba ambacho ncha zake zimezama majini, na feni huelekezwa hapo. Maji yanayokauka kwenye kitambaa huchukua joto la pipa, kwa kanuni ileile inayopoza maji ya mtungini. Nairobi, Arusha au Mbeya, ambako hewa mara nyingi si ya unyevu mwingi, hilo laweza kutosha. Pwani hewa ina unyevu, kitambaa hakikauki upesi, na punguzo ni la nyuzi chache tu. Huko hapana budi kutumbukiza ndani ya beseni chupa za plastiki zilizogandishwa, mbili au tatu asubuhi na nyingine jioni. Kipimajoto cha kubandika ubavuni mwa pipa ni cha bei ndogo na kina faida kuliko kifaa kingine chochote katika orodha hii.

Asiyeweza hata hayo abadilishe hamira badala ya kupigana na hali ya hewa. Ubelgiji ina bia ya mashambani iitwayo saison, na hamira ya jamii ya ile inayotumiwa na Brasserie Dupont huko Tourpes huvumilia nyuzi 30 na zaidi bila kuharibu ladha. Bia itakayopatikana itakuwa kavu zaidi na yenye pilipili zaidi kuliko Tripel, lakini itakuwa bia nzuri, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu bia iliyochachushwa kwenye nyuzi 34 kwa hamira ya abasia, yaani ile ya bia za watawa.

Mpiko rahisi wa lita 20 waweza kuwa hivi: kilo 5.5 za kimea cheupe cha pilsner, kilo moja ya sukari nyeupe, hopsi za Saaz au Styrian Golding za kutia uchungu wa wastani, na pakiti mbili za hamira kavu ya Kibelgiji za gramu 11.5. Kimea huloekwa kwa nyuzi 64 hadi 65 kwa saa moja na nusu. Joto hilo la chini kidogo huzalisha sukari ambayo hamira inaweza kuila karibu yote. Maji ya kimea huchemshwa kwa dakika 90. Matokeo ni takriban asilimia 8.5 hadi 9 za kileo. Wengi hushtushwa na sukari na kuiona udanganyifu wa wapikaji wa bei rahisi, ilhali Wabelgiji wanaitegemea: huongeza kileo bila kuongeza uzito mdomoni. Kwa bia ya rangi ya dhahabu, sukari ya dukani inafaa kabisa, na sukari ya kandi iliyoagizwa kwa bei kubwa haina ziada inayoonekana. Pakiti ya pili ya hamira ndiyo isiyopaswa kubaniwa, kwa sababu hamira chache katika sukari nyingi huchoka njiani.

Kuhusu kupoza baada ya kuchemsha, sufuria ndani ya beseni la maji yanayobadilishwa mara kwa mara, na barafu mwishoni, inatosha. Wapikaji wa Australia, nchi yenye joto na uhaba wa maji, wamezoea kumimina maji ya kimea yakiwa ya moto ndani ya dumu la plastiki linalostahimili maji yanayochemka na lililoruhusiwa kwa chakula, kulifunga na kuliacha lipoe lenyewe hadi kesho yake. Hamira hutiwa asubuhi. Anayependa bia iliyo angavu zaidi atie mwani wa kusafishia bia katika dakika 10 au 15 za mwisho za kuchemsha. Kinachofanya kazi humo ni karajinani, dutu ileile inayofanya mwani wa Zanzibar ununuliwe na viwanda vya ng'ambo, hasa ule wa aina ya kotonii. Hushikana na protini na kuzivuta chini, na kwa mtu asiye na baridi ni msaada mkubwa.

Baada ya hapo ni subira. Acha bia kwenye pipa lilelile kwa majuma matatu au manne, pasipo kuihamishia kwenye chombo cha pili kama vitabu vya zamani vilivyoagiza, kwa kuwa kila kuhamisha huingiza oksijeni, na oksijeni pamoja na joto huipa bia ladha ya karatasi iliyolowa. Hofu kwamba hamira iliyokufa chini ya pipa itaharibu bia katika muda huo haina msingi iwapo chumba hakizidi nyuzi 24 au 25; kwenye nyuzi 30 ni afadhali kutokawia. Utayari hupimwa kwa hidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea na kuonyesha uzito wa bia ukilinganishwa na wa maji: kisomo kisichobadilika kwa siku nne au tano mfululizo, kikiwa karibu na 1.010, kinaonyesha kwamba sukari imekwisha. Mapovu kukoma si ushahidi wa kutosha.

Katika kutia chupani, asiye na baridi ana nafuu ambayo haisemwi sana. Bia yake bado ina hamira nyingi inayoelea, kwa hiyo gesi ya chupani huja kwa uhakika, wakati mwenzake aliyeiweka bia ya asilimia 9 kwenye baridi kali kwa mwezi mzima mara nyingine hulazimika kuongeza hamira mpya. Hesabu ya sukari ndiyo inayotaka uangalifu. Bia iliyofika nyuzi 24 hadi 26 imebakiza gesi kidogo, hivyo gramu 6 hadi 7 za sukari kwa lita hutoa gesi ya kawaida ya bia. Gramu 8 hadi 9 hukaribia uchangamfu wa Kibelgiji, na kiasi hicho kiwekwe tu katika chupa nzito, kama za shampeni au za bia za Kibelgiji zenyewe. Chupa nyembamba za kutupwa hupasuka, na kipande cha kioo hakichagui jicho. Pamoja na chupa za kioo, jaza chupa moja ya soda ya plastiki na uibonyeze kila baada ya siku chache. Ikishakuwa ngumu isiyobonyea, gesi imeingia. Kwenye nyuzi 22 hadi 26 hilo huchukua majuma mawili hadi manne. Kisha chupa zihamishiwe mahali penye giza na ubaridi kuliko pengine pote nyumbani, kwa kawaida sakafuni, mbali na paa la mabati.

Imani moja zaidi haina budi kuguswa, kwa kuwa huzuka kila pombe ya nyumbani inapotajwa: kwamba bia isiyowekwa baridi huwa sumu. Kuchachusha nafaka huzalisha methanoli kwa kiasi kidogo mno kisichodhuru, na joto la chumba haliibadilishi bia kuwa methanoli. Vifo vilivyotikisa Kenya mwaka 2014 vilitokana na vileo vilivyochanganywa na methanoli, jambo lisilohusiana na bia iliyochacha ndani ya pipa. Kinachoweza kuiharibu bia ni uchafu wa vyombo baada ya kuchemsha, na bia hiyo huchachuka na kuwa kali kama siki. Friji haiwezi kuuponya uchafu huo. La sheria ni suala jingine. Uingereza iliondoa leseni kwa mpikaji wa nyumbani mwaka 1963 na Marekani ikaruhusu kwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1978, lakini sheria ya Kenya ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo inamtaka mtengenezaji awe na leseni, na msomaji wa nchi nyingine aulize kwao kabla ya kununua kimea.

Inabaki baridi ya nne, na hii karibu kila mwenye friji ya jikoni anayo tayari. Chupa moja au mbili ziwekwe humo kwa siku tatu kabla ya kunywewa, zikiwa zimesimama wima, si kulazwa juu ya mboga. Ndani ya siku hizo gesi huzama vizuri ndani ya bia, na mashapo hushikamana chini yakawa utando mgumu. Itolewe dakika 20 kabla, kwa sababu bia hizi zikiwa za baridi ya kuuma meno hunyamaza, na harufu zote zilizogharimu siku tatu za barafu hazisikiki. Mimina kwa mkono mmoja usiotetereka, bilauri imeinamishwa, na usisimame katikati, maana kila chupa inaporudishwa wima mashapo hutibuka. Ukiona wingu la kwanza linakaribia shingo, acha hapo na ubakize kiasi cha kidole kimoja ndani ya chupa.